Kwenda Kelmscott na kurudi siku moja: mwongozo wa kijiji kitulivu cha Uingereza na jumba lake la kale

Maswali kuhusu Kelmscott ni yale yale kila msimu. Treni inashuka wapi? Jumba liko wazi siku gani? Asiye na gari anafikaje? Na mtu atakula nini huko? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata safari yenyewe, kwa anayetoka London au Reading na anataka kulala kwake usiku huohuo.

Kwa ufupi: Kelmscott ni kijiji kidogo cha Oxfordshire, karibu na mpaka wa Gloucestershire, kando ya Mto Thames mahali ambapo mto bado ni mwembamba. Jumba lake la mawe, Kelmscott Manor, lilijengwa yapata mwaka 1600. Mwaka 1871 William Morris, msanifu wa nakshi, mshairi na msoshalisti, alilikodi pamoja na mchoraji Dante Gabriel Rossetti, na likawa nyumba yake ya mashambani hadi alipofariki 1896. Leo ni mali ya Society of Antiquaries of London, chama cha wataalamu wa mambo ya kale. Historia iliyobaki utaikuta ndani.

Jambo moja ulishike kabla ya yote: panga safari kwa kuanzia jumbani na kurudi nyuma. Wengi huanza na tiketi ya treni ya bei poa, halafu wanagundua siku hiyo jumba limefungwa. Kijiji hakina stesheni, hakina duka la vyakula, wala teksi zinazosubiri abiria. Ukikosea hesabu, hakuna cha kukuokoa hapo ila miguu yako.

MAHITAJI

- Tiketi ya jumba iliyonunuliwa mtandaoni mapema.
- Tiketi ya treni hadi mji wa Swindon, kwenda na kurudi.
- Namba za kampuni mbili za teksi, za Swindon au za Lechlade, mji mdogo jirani na kijiji, zilizohifadhiwa kwenye simu na pia kuandikwa kwenye karatasi.
- Ramani ya eneo uliyoipakua ili ifunguke bila intaneti. Mtandao wa simu mashambani usiutegemee.
- Viatu vilivyofungwa vyenye soli ya kushika. Aprili na Oktoba, au baada ya mvua, gambuti si aibu. Raba nyeupe ziache nyumbani.
- Koti jepesi la mvua, hata kama utabiri unasema jua. Mwavuli hausaidii sana kwenye nyanda za mto, maana upepo huugeuza.
- Maji lita moja kwa kila mtu, na chakula cha mchana kama unakula halali au una masharti mengine ya chakula.
- Kadi ya benki, pamoja na pauni 20 taslimu.
- Pawabenki.
- Begi dogo. Begi kubwa la mgongoni huenda ukaambiwa uliache mlangoni, kwa sababu vyumba ni vyembamba na vitu viko wazi.

Saa katika mwongozo huu ni za Kiswahili. Tiketi itaandikwa 11:00, nasi tunasema saa 5 asubuhi. Inaonekana ni jambo dogo, lakini mnapopanga safari ya kikundi kwa ujumbe wa simu, mmoja akiandika «tukutane saa 9» na mwingine akasoma 9:00, siku imeharibika. Andikeni zote mbili.

HATUA

1. Chagua siku.

Jumba hufunguliwa takriban kuanzia Aprili hadi Oktoba tu, tena siku chache za wiki. Miaka ya karibuni zimekuwa Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Thibitisha kwenye tovuti ya jumba wiki hiyohiyo unayokwenda. Orodha ya kwenye programu ya ramani si ya kuaminiwa.

Alhamisi huwa na utulivu kuliko Jumamosi, ila nauli ya treni ya asubuhi siku za kazi ni kali. Jumamosi nauli ni nafuu na watu ni wengi. Kama una uhuru wa kuchagua, Alhamisi ya Mei au mwanzoni mwa Juni ndiyo bora: bustani imechanua, majani hayajawa marefu njiani, na jua huchelewa kuzama hadi karibu saa 3 usiku. Mwisho wa Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma, na kufika saa 11 jioni giza linaanza kuingia.

2. Nunua tiketi ya jumba, na hakikisha ni jumba lenyewe.

Kuna Kelmscott House, nayo iko Hammersmith, London. Ni nyumba ya mjini ya Morris huyohuyo, na ndiko alikofia. Watu huweka «Kelmscott» kwenye simu wakapelekwa magharibi mwa London. Unayoitaka ni Kelmscott Manor, karibu na mji mdogo wa Lechlade.

Kosa la pili ni kadi ya uanachama wa National Trust, shirika la kuhifadhi majumba ya kale. Jumba hili si la National Trust, kwa hiyo kadi hiyo haikupi kuingia bure. Kama tiketi ni ya muda maalumu, chagua saa 6 na nusu mchana au baadaye kama utafika kwa miguu. Saa 5 asubuhi waachie wenye magari.

3. Nunua tiketi ya treni hadi Swindon.

Treni huondoka stesheni ya Paddington, London, na kufika Swindon kwa muda wa saa moja hivi. Panda ile inayokwenda Bristol, Cardiff, Swansea au Cheltenham, lakini hakikisha kwenye ubao kwamba inasimama Swindon.

Hapa ndipo wakazi wa London wanaponaswa. Kugusa kadi ya benki kwenye geti la Paddington kunakubalika hadi Reading tu, na Oyster, kadi ya usafiri ya London, haifiki hata huko. Ukiendelea mpaka Swindon kwa mguso huo huna tiketi halali, na faini ni pauni 100 juu ya nauli, ingawa hupunguzwa hadi 50 ukilipa ndani ya siku 21. Nunua tiketi kamili, ya karatasi au ya simu, kabla ya kupita geti.

Kupunguza gharama: watu 3 hadi 9 wanaosafiri pamoja nje ya saa za msongamano huomba punguzo la GroupSave, ambalo hukata theluthi moja. Wawili wanaosafiri pamoja mara kwa mara wanunue kadi ya reli ya watu wawili; wanafunzi wana ya kwao. Tiketi ya mapema iliyofungwa kwa treni moja ni rahisi, lakini kwa kurudi usiinunue. Chukua tiketi ya kurudi inayokubali treni zaidi ya moja, kwa sababu safari yako ya kurudi itaanzia shambani, si stesheni.

4. Kutoka Swindon, amua njia yako kabla hujashuka.

Ni kama kilomita 20 kutoka Swindon hadi Kelmscott. Ramani za zamani huonyesha reli ikifika Lechlade. Njia hiyo ilifungwa kwa abiria mwaka 1962, usiitafute.

Njia ya kwanza ni teksi moja kwa moja. Iagize siku moja kabla, kwenda na kurudi, na mkubaliane bei. Tenga si chini ya pauni 40 kila upande. Mkiwa wanne ndiyo njia ya busara.

Njia ya pili ni basi hadi Lechlade, kisha teksi fupi au miguu. Mabasi ya upande huu ni machache na ya jioni huisha mapema. Angalia ratiba kwenye Traveline, huduma ya taarifa za usafiri wa umma, kwa tarehe yako hasa, na uanze na basi la kurudi: lipige picha, lihesabu kama ndilo la mwisho hata kama kuna jingine baada yake. Nauli ya basi nchini England iliwekewa kikomo cha pauni 3 kwa safari moja kuanzia Januari 2025, kwa mabasi ya kampuni zilizojiunga na mpango huo.

Wenye gari wana kazi ndogo zaidi. Uendeshaji ni kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda, lakini vibao vya mwendo ni vya maili. Vijia vya mwisho kuingia kijijini ni vyembamba, gari moja kwa wakati. Ukiona gari mbele, anayekaribiana zaidi na sehemu iliyopanuliwa ndiye anayesubiri, na mwenzake hunyanyua kidole kushukuru. Egesha mahali palipotengwa kwa wageni wa jumba, kisha utembee kwa dakika kadhaa. Usiegeshe kwenye nyasi mbele ya nyumba ya mtu wala mbele ya geti la shamba, hata kama linaonekana halijafunguliwa mwaka mzima. Trekta litakuja.

5. Tembea kutoka Lechlade kando ya mto, kama miguu inaruhusu.

Sehemu hii inastahili muda wako kuliko nyingine zote nje ya jumba. Ni takriban kilomita 6, na mtu wa kawaida huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Ardhi ni tambarare.

Anzia Ha'penny Bridge, daraja la mawe la mwaka 1792. Vuka, shuka kwenye njia ya mto na ufuate maji yanakokwenda. Hiyo ndiyo kanuni ya kutopotea: maji na wewe muelekee upande mmoja. Ukiona yanakuja kinyume nawe, unaelekea chanzo cha Thames na Kelmscott iko mgongoni. Alama ya njia ya Thames Path ni tunda la mwaloni, lililochorwa kwenye nguzo na mageti.

Baada ya kama kilomita moja utafika St John's Lock, lango la kupandishia na kushushia mashua, la juu kabisa kwenye mto huu. Hapo pana sanamu ya mzee mwenye ndevu aliyejilaza: ni Old Father Thames, iliyochongwa na Raffaelle Monti mwaka 1854. Vuka barabara ya magari kwa uangalifu, maana magari huja kasi darajani. Endelea, uvuke daraja la miguu la Bloomer's Hole, upite lango la Buscot, na baada ya hapo ni malisho matupu hadi Kelmscott. Kijiji hukioni kutoka mtoni kama unavyotegemea. Miti hulificha jumba. Simu ikikuonyesha uko sambamba nalo, tafuta njia inayokwenda kushoto. Ni dakika chache tu.

Ng'ombe: watakuwepo. Wapitie kwa mbali, polepole, bila kelele, na kamwe usipite kati ya ng'ombe na ndama wake. Kama una mbwa na ng'ombe wakaanza kukukimbilia, mwachie mbwa akimbie, mwenyewe utoke. Kila geti liache ulivyolikuta: lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi, kwani huenda mkulima ameliacha hivyo mifugo ifike kwenye maji. Na usishike majani marefu yenye meno kando ya njia. Yanawasha kwa saa nzima.

6. Ingia jumbani bila haraka.

Tenga saa moja na nusu ndani na nusu saa bustanini. Kwanza simama langoni kabla ya kuingia, utazame paa. Vigae vyake ni vya mawe, vikubwa chini na vidogo kadiri vinavyopanda. Morris alilipenda paa hili kwa mpangilio huo, na ukishaliona utaanza kuangalia mapaa ya kijiji kizima.

Ndani patakuwa na giza kidogo. Si kwamba wanabana umeme: vitambaa vya kale hupauka kwa mwanga, hivyo mapazia hushushwa. Ukitoka juani, simama dakika mbili macho yazoee, la sivyo utapita chumba cha kwanza bila kuona kitu. Usipige picha kwa mwanga wa flashi, na usiguse kitambaa chochote. Mafuta ya kidole hayaonekani leo. Doa hutokea baadaye.

Vitu vya kutokosa: chumba chenye vitambaa vya ukutani vya karne ya 17 vinavyosimulia habari za Samsoni, kitanda cha Morris, chenye mapazia yaliyotariziwa shairi lake mwenyewe chini ya usimamizi wa binti yake May, na vyumba vya darini, ambako mbao kubwa za paa ziko wazi. Ngazi za darini ni za mwinuko mkali na sakafu zimeinama. Mwenye magoti mabovu aulize kwanza ghorofa ya chini. Wanaojitolea vyumbani wanajua mambo ambayo hayajaandikwa popote, na wengi wao hungoja kuulizwa. Waulize.

Bustanini, tafuta ua uliokatwa umbo la joka Fafnir, na choo cha zamani cha nje chenye matundu matatu kwenye ubao mmoja. Watoto hukumbuka choo hicho kuliko jumba lote. Nakshi ya kitambaa ya Morris iitwayo Strawberry Thief, ya mwaka 1883, ilitokana na ndege waliokuwa wakiiba stroberi hapa. Ukienda Juni utaona wizi bado unaendelea.

7. Zunguka kijiji kwa mguu.

Nusu saa inatosha. Hakuna njia ya waenda kwa miguu pembeni, kwa hiyo tembea upande wa kulia ukikabili magari. Tafuta nyumba pacha zilizosanifiwa na Philip Webb kwa kumbukumbu ya Morris, zenye mchongo wa mawe ukutani unaomwonyesha ameketi chini ya mti. Ukumbi wa kijiji ulisanifiwa na Ernest Gimson na kufunguliwa 1934 na George Bernard Shaw.

Kanisa la St George ni dogo, na ndani mna michoro ya ukutani ya zama za kati. Kaburi la Morris liko uani: jiwe refu lenye mgongo kama paa, kazi ya Webb pia. Hapo amelala na mkewe Jane na binti zao Jenny na May. Maandishi yamefifia, na wengi hulipita wakitafuta kitu kikubwa zaidi. Angalia umbo, usitafute jina.

Nyumba nyingine zote ni makazi ya watu. Usichungulie dirishani, usipige picha ya mtu bustanini mwake, na kila unayekutana naye msalimie kwa neno moja tu. Kupita kimya ndiko kunakoonekana ajabu. Kusimama na kuuliza habari za nyumbani, kama tulivyozoea, nako kutamshangaza.

8. Kula na kuswali.

Jumba lina mkahawa wa chai na keki siku za kufunguliwa. Kwenye baa ya kijiji, jiko kwa kawaida huwaka kuanzia saa 6 mchana hadi saa 8 au 8 na nusu, kisha huzimwa hadi jioni. Hakikisha kwa simu kwamba wamefungua siku hiyo. Ukiingia usikae kusubiri mhudumu. Tafuta meza, kumbuka namba yake, nenda kaunta uagize na ulipe palepale. Nyama ya halali usiitegemee. Samaki au chakula cha mboga hupatikana, lakini uliza kimekaangwa katika mafuta gani.

Kijijini hakuna msikiti; upo Swindon. Chukua mkeka mdogo na utawadhe chooni jumbani kabla ya kutoka. Kibla kutoka hapa ni kusini-mashariki. Kiangazi adhuhuri huingia baada ya saa 7 mchana, ambao ndio wakati utakuwa ndani ya jumba, basi ihesabu katika ratiba.

9. Anza kurudi mapema kuliko unavyotaka.

Hesabu kutoka saa ya basi au teksi, toa saa mbili kama unatembea hadi Lechlade, toa nusu saa nyingine ya mageti, ng'ombe na picha. Hiyo ndiyo saa ya kutoka kijijini. Mkahawa ukiwa na foleni, achana nao.

MAMBO YAKIENDA MRAMA

Treni imechelewa na muda wa tiketi ya jumba umepita. Piga simu jumbani ukiwa bado Swindon. Siku isiyo na msongamano hukupokea. Ukitokea tu mlangoni, haina uhakika. Treni ikichelewa sana, omba fidia mtandaoni kwa kampuni husika, tunza tiketi.

Njia ya mto imefunikwa na maji. Nyanda hizi hufurika, hata wakati wa machipuko. Usijaribu kupima kina kwa mguu. Mtaro na malisho huonekana sawa maji yakishasimama. Rudi Lechlade, agiza teksi.

Basi la mwisho limekuacha. Nenda Lechlade kwa teksi kwanza, ambako kuna maduka na mahali pa kukaa, kisha ndipo utafute ya Swindon. Kusubiri kijijini huku simu ikizimika ndilo kosa kubwa.

Teksi haikuoni. Dereva amepelekwa upande wa pili wa mto, au London. Mpe msimbo wa posta ulio kwenye tiketi ya jumba, na mkutane mlangoni pa jumba, si «kijijini».

Mtoto amechoka katikati ya njia ya mto. Kigari cha mtoto hakipiti vizuri kwenye mageti na matope, beba mbeleko au kibebeo cha mgongoni. Pa kuamulia ni Buscot: hapo bado unaweza kutoka hadi barabarani na kuita teksi. Ukishapita Buscot, mbele ndiko karibu.

Umefika na jumba limefungwa ghafla. Kanisa, kaburi, nyumba za Webb na mto havina tiketi. Mwenye gari anaweza kuendelea hadi ghala la kale la mawe la Great Coxwell, upande wa pili wa mji wa Faringdon, ambalo Morris alikuwa akiwapeleka wageni wake walione. Fedha ya tiketi ya jumba idai kwa barua pepe jioni hiyohiyo.